Je, Mkristo Aufungue Moyo Wake kwa Njia ya Simu?

Swali hili hatukulitunga mezani. Washarika ndio wanaolileta, na mara nyingi wanalileta kwa kuzunguka: "Mchungaji, kuna rafiki yangu anataka kuongea na mwanasaikolojia kwenye mtandao. Hivi ni sawa?" Sisi tulio katika huduma tunajua kwamba rafiki huyo kwa kawaida ndiye huyo huyo anayeuliza. Na ndani ya swali lake moja yamo maswali matatu. Je, ni upungufu wa imani kumwendea mtaalamu wa akili na hisia badala ya kukaa magotini? Je, mazungumzo yanayopita kwenye kioo cha simu yanaweza kumfikia mtu kweli, au ni kivuli tu cha mazungumzo? La tatu watu hawalisemi kwa sauti: nikishaanza nitaulizwa nini, na nani mwingine atasikia?

La kwanza halihitaji kurasa nyingi, maana wazee wetu walilijibu zamani, tena kwa mawe na chokaa. Pale Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 mahali hapo pakaanza kupokea wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ipo hadi leo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Wagonjwa hupewa dawa, hufanya kazi za mikono na za shamba, na sala husaliwa. Hakuna aliyeona kwamba dawa inaifukuza sala. Mtu anayesema leo kwamba Mlutheri hana haja na wataalamu wa akili anasahau zaidi ya karne moja ya kanisa lake mwenyewe.

Biblia nayo haina aibu katika jambo hili. Eliya alipoketi chini ya mretemu akiomba afe, kama tunavyosoma katika 1 Wafalme 19, malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamgusa tena, akampa tena chakula. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, baada ya safari ya siku arobaini. Mahubiri mengi tunayoyasikia siku hizi juu ya huzuni yanaikimbilia sauti na kuuruka mkate. Na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, bila mstari wa shukrani mwishoni, na hakuna baraza wala sinodi iliyothubutu kuiondoa.

Swali la pili ndilo lenye ugumu, na tusilipite haraka.

Imani yetu ni imani ya mwili. Mungu hakutosheka na kutuma ujumbe, alikuja mwenyewe akavaa mwili wetu, akagusa wenye ukoma, akala na watu. Tunabatiza kwa maji yanayolowesha kichwa, tunashiriki mkate unaoshikwa na divai inayonyweka. Wakati wa korona, mwaka 2020, makanisa ya Kilutheri sehemu nyingi za dunia yalijadiliana kama msharika anaweza kushiriki Meza ya Bwana akiwa sebuleni kwake mbele ya simu, na hayakukubaliana. Kwa hiyo Mkristo anayekitilia shaka kioo si mshamba wala mtu wa kizamani. Shaka yake ina mizizi mizuri. Yohana mwenyewe, katika waraka wake wa pili, anaeleza kwamba ana mengi ya kuandika lakini hapendi kuyamaliza kwa karatasi na wino, anatumaini kufika na kuzungumza uso kwa uso.

Lakini aliandika. Hilo tusilisahau. Sehemu kubwa ya Agano Jipya ni maneno ya watu ambao hawakuwepo chumbani. Paulo aliwaandikia Warumi kabla hajakanyaga Rumi. Akida wa Kapernaumu alikataa kabisa Yesu asisumbuke kufika nyumbani kwake, akaomba neno tu, na mtumishi wake akapona kwa mbali. Tukisema kwamba umbali unaliua neno, tutakuwa tumejikatia tawi tulilokalia.

Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi na mada yetu. Mwaka 1530 Martin Luther alikuwa katika ngome ya Coburg. Wenzake walikwenda Augsburg kuitetea imani mbele ya Kaisari, yeye hakuweza kwenda kwa sababu alikuwa amepigwa marufuku ya dola. Huko Wittenberg, nyumbani kwake, alibaki kijana Hieronymus Weller, mwalimu wa watoto wake, ambaye alikuwa akiandamwa na huzuni nzito na kukata tamaa. Luther hakumwambia asubiri mpaka arudi. Alimwandikia. Na ushauri aliompa unawashangaza wanaodhani kwamba mchungaji ana jibu moja tu la kila kitu: akimbie upweke, atafute wenzake, ale na kunywa nao, acheke, acheze, asikae akibishana peke yake na mawazo yanayomshambulia. Aliyekuwa anasema hayo alikuwa mtu aliyeyajua mashambulizi hayo ndani ya nafsi yake. Karatasi ilikuwa kioo cha siku zile.

Tukija karibu na wakati wetu, waliotangulia kuitumia simu kwa ajili ya watu waliokata tamaa walikuwa watu wa kanisa. Kasisi wa Kianglikana, Chad Varah, alianza mwaka 1953 katika kanisa la St Stephen Walbrook mjini London kupokea simu za watu waliofikiria kujiua. Kazi hiyo ndiyo ikawa Samaritans. Mjini Berlin huduma ya aina hiyo ilianza mwaka 1956, na leo Wajerumani wanaiendesha Waprotestanti na Wakatoliki kwa pamoja. Hawakuona kwamba sauti iliyopita kwenye waya imepungukiwa ubinadamu.

Tunaloliona sisi ni hili. Sakramenti hutolewa kwa mkono, kwa sababu Bwana aliifunga ahadi yake na kitu kinachoshikika. Mazungumzo hubebwa na neno, na neno lina miguu ya kusafiri. Tena tusichanganye: maneno ya mwanasaikolojia si Injili, wala yeye hadai kuwa ni Injili. Yako upande ule wa zawadi ambazo Katekisimo Ndogo inatufundisha kuzihesabu katika sehemu ya kwanza ya Imani, pamoja na akili, viungo, chakula na nguo. Mungu anatutunza kwa mwokaji mikate asiyejua kwamba anatumiwa naye. Kwa nini asitutunze kwa mtu aliyesoma namna huzuni inavyofanya kazi?

Hata hivyo kuna kinachopotea, na asiyekitaja anauza bidhaa. Kamera inaonyesha uso, haionyeshi mguu unaotikisika chini ya meza wala mikono inayosokota leso. Kuna kimya pia. Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hilo ndilo jambo jema kuliko yote waliyomfanyia. Walipofungua vinywa wakaharibu. Kimya cha watu wawili ndani ya chumba ni mto wa kulalia. Kimya cha kwenye simu kinaleta swali: "Uko hewani? Unanisikia?" Mtu amefika ukingoni mwa machozi, anakatizwa na hofu kwamba mtandao umekwenda. Mshauri mzuri hulisema mapema: nikinyamaza, nipo, nakusikiliza. Ni jambo dogo, lakini kwa maneno hayo anajaribu kuirudisha sakafu ile ya Ayubu.

Sasa tuingie katika lile la tatu, maana hofu nyingi hutoka katika kutojua. Tumfikirie dada mmoja wa Dar es Salaam, mhasibu, mwenye mume na watoto wawili, anayeishi na mama mkwe. Mimba ya mtoto wa tatu ilitoka ikiwa na miezi saba. Watu walikuja, walilia naye siku tatu, wakamwambia ni mapenzi ya Mungu, wakaondoka. Mwaka umepita. Anaimba kwaya kila Jumapili, na usiku halali. Hamwambii mume, kwa sababu mume naye alilia kimya kimya na hapendi kukumbushwa.

Kabla hajaongea na mtu, atatumiwa fomu. Ataulizwa umri, dawa anazotumia, magonjwa aliyowahi kuugua, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Ataombwa jina na namba ya mtu wa karibu wa kupigiwa ikitokea dharura. Hapo wengi hushtuka na kuacha: kwa nini wataje ndugu yangu wakati nimekuja huku ili ndugu wasijue? Sababu ni umbali wenyewe. Mshauri aliyeko Arusha hawezi kuvuka kwenda Mbagala usiku. Kwa sababu hiyo hiyo wengine huanza kila kikao kwa kuuliza, "Leo uko wapi?" Si umbea. Mtu akizimia au akisema neno la kutisha, lazima ijulikane msaada utumwe wapi. Mawasiliano hayo ya dharura hayatumiwi kwa sababu nyingine, na dada yetu ana haki ya kuuliza hilo na kujibiwa kabla hajaandika chochote.

Halafu mahali. Vitabu vya ughaibuni husema mtu atafute chumba tulivu chenye mlango unaofungwa, kana kwamba kila nyumba ina chumba cha ziada. Kwenye nyumba ya watu sita na kuta za ubao wa dari ulioishia njiani, hakuna siri. Wengine hukaa ndani ya gari lililoegeshwa, wengine hubaki ofisini wenzao wakishaondoka, wengine hutembea ufukweni na spika za masikioni. Na hapa tunasema neno kwa wazee wa kanisa: sharika nyingi zina ofisi au chumba cha sakristia kinachofungwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Kumpa msharika ufunguo kwa saa moja bila kumuuliza anakwenda kufanya nini ni diakonia ya kweli. Labda ni hilo la kutomuuliza ndilo gumu zaidi kwetu.

Bando pia lina teolojia yake, kama tunaruhusiwa utani. Picha hula bando haraka kuliko sauti, na washauri wengi hukubali mazungumzo ya sauti tu. Ni vizuri kupatana mwanzoni: simu ikikatika, nani anampigia nani, na kwa muda gani. Malipo mara nyingi hutangulia kwa simu. Kikao huwa cha dakika hamsini hivi, na huisha kwa saa yake hata kama machozi hayajakauka. Hili huwaumiza watu wetu. Mchungaji akikutembelea, chai huongezwa na mazungumzo huendelea mpaka giza. Mshauri anaaga. Sio ukatili. Mpaka wa saa unamfanya mtu ajue kwamba jambo zito lina mlango wa kutokea, na kwamba Alhamisi ijayo mlango utafunguliwa tena.

Na katika kikao chenyewe? Asitegemee uponyaji siku ya kwanza. Atakachokutana nacho ni maswali mengi. Ilianza lini, inakuwaje usiku, nyumbani kwenu mtoto akilia mlifanyiwa nini, nani amewahi kufa. Kisha huenda likaja swali ambalo linaonekana la kipuuzi: ungependa nini kibadilike? Mgonjwa wa miaka thelathini na minane kando ya birika la Bethzatha aliulizwa na Bwana kama anataka kupona, na Bartimayo, kipofu ambaye kila mtu aliona shida yake, aliulizwa anataka afanyiwe nini. Yesu hakuwa hajui. Kuuliza ni kumrudishia mtu heshima ya kulitaja jambo lake kwa kinywa chake.

Wengi hutazamia waambiwe la kufanya, kama kwa mjomba au kwa mchungaji. Mshauri wa aina hii kwa kawaida hatoi hukumu nani mkosaji kati ya mke na mume, wala hasemi achana naye au rudi kwake. Tena wengi wao si madaktari, hawaandiki dawa. Ikihitajika dawa atamwelekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili. Anaweza kumpa dada yetu kazi ya nyumbani: aandike saa alizolala, au ampe jina mtoto yule ambaye hakuna aliyewahi kumtaja. Na ajue kwamba baada ya kikao cha kwanza au cha pili anaweza kujisikia vibaya kuliko alivyokuja. Kidonda kikioshwa huuma. Vikao vitatu hivi vinatosha kujua kama mnaelewana. Msipoelewana, anaweza kuaga na kutafuta mwingine, na hilo si usaliti wala utovu wa adabu. Tunalisisitiza kwa sababu sisi watu wa huku tumelelewa kutomkatalia mtu aliyetusaidia.

Adabu ina kona zake nyingine. Mzee wa miaka sitini anafungua simu, anamkuta binti wa miaka thelathini anayemwamkia shikamoo, na dakika kumi baadaye anamuuliza habari za kitanda cha ndoa yake. Atafanyaje? Mila zetu zilikuwa na watu maalumu wa maneno hayo, babu, somo, shangazi, na hawakuchaguliwa kwa vyeti. Hatudhani mzee huyo anakosea akiomba mshauri wa rika lake au wa jinsia yake. Hiyo ni faida mojawapo ya mtandao: uwanja wa kuchagua ni mpana. Katika mji mdogo mshauri aliye karibu ni binamu ya mwinjilisti na anaimba kwaya na shemeji yako. Kwa simu, Mhehe aliye Mafinga anaweza kumpata mtu asiyemjua kabisa. Binti anayefanya kazi za ndani Muscat, ambaye hana siku ya mapumziko wala mtu wa kusema naye Kiswahili, anaweza kulia kwa lugha yake. Huzuni haitafsiriki vizuri.

Lugha yetu yenyewe ina pande mbili juu ya siri. Siri ya mtungi aijuaye kata, tunasema, na mambo ya ndani hayatoki nje. Lakini pia tunasema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Busara iko katika kujua ni nani wa kumfunulia. Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu linastahili hofu kuliko yote.

Mchungaji wa Kilutheri akisikia maungamo ya mtu amefungwa. Hayasemi kwa askofu, hayasemi kwa mke wake, anazikwa nayo. Siri ya mshauri ni ya kweli lakini ina mipaka, na atakuambia mipaka hiyo mwanzoni: maisha yako yakiwa hatarini, mtu mwingine akiwa hatarini, mtoto akiwa anateswa, au mahakama ikiamuru. Hatuoni ubaya hapo. Tatizo ni yule wa tatu aliye chumbani asiyeonekana, yaani kampuni yenye mtambo na kumbukumbu zake.

Nchini Ufini, kwa Walutheri wenzetu ambao wamisionari wao tumefanya nao kazi miaka mingi, kulikuwa na kampuni ya tiba ya kisaikolojia iliyoitwa Vastaamo. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba mhalifu ameziiba kumbukumbu za wagonjwa wake, watu wapatao 33,000. Aliitishia kampuni, kisha akawaandikia wagonjwa mmoja mmoja akidai euro 200 ili asitoe hadharani yale waliyoyasema wakilia. Tuangalie vizuri: wengi wa watu hao walikuwa wamekwenda chumbani, kwenye kiti, uso kwa uso. Maneno yao hayakuibwa hewani, yaliibwa kwenye kompyuta yalikohifadhiwa. Kwa hiyo anayedhani yuko salama kwa kuwa amekwenda kwa miguu anajidanganya kama huyu wa simu. Marekani nako, mwaka 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliituhumu kampuni ya BetterHelp, inayotoa ushauri kwa mtandao, kwamba iliahidi usiri kisha ikapeleka taarifa za wateja kwa Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 7.8.

Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ni jambo jema. Lakini sheria humkamata mwizi akishaiba. Siri iliyotoka hairudi, na tofauti kati ya kifua cha mchungaji na kompyuta ni kwamba kifua hufa. Basi dada yetu aulize, bila haya: mazungumzo yanarekodiwa? Maandishi yako unayaweka wapi, na nani mwingine anaweza kuyafungua? Nikiondoka yanafutwa baada ya muda gani? Aulize pia kuhusu elimu na usajili wa mshauri. Mtu mwaminifu hachukizwi na maswali haya, na mtu anayechukizwa amekwisha kujibu. Na asitumie kompyuta ya ofisi.

Tunagusa kidogo jambo linalokuja kwa kasi: programu zinazojibu zenyewe bila mtu nyuma yake. Sio jambo jipya kama tunavyodhani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta huko Marekani, alieleza programu aliyoiita ELIZA, iliyoigiza namna mshauri anavyorudisha maneno ya mgonjwa kama swali. Katibu wake, aliyejua vizuri kwamba ni mashine, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani. Weizenbaum alitishika na hilo maisha yake yote. Hatusemi programu hizi hazina matumizi. Saa nane za usiku, mtu asiye na yeyote anaweza kupata hapo wazo la kumtuliza hadi asubuhi. Lakini Paulo anapowaagiza Wagalatia wachukuliane mizigo, kuchukua kuna mtu anayelemewa. Mashine hailemewi. Inarudisha mzigo ukiwa umepangwa vizuri zaidi, na bado ni wako mzima.

Yako mazingira ambayo simu haifai, na hapa hatutaki kuwa wapole. Mtu aliyeamua kujiua asisubiri kikao cha Alhamisi: apelekwe hospitali leo, na mtu akae naye. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyejitenga na uhalisi, anahitaji daktari. Na mwanamke anayepigwa, ambaye mume huikagua simu yake kila jioni, anaweza kuingizwa hatarini na ujumbe mmoja wa kumkumbusha miadi. Huyo atafutiwe mlango wa kuingia kwa miguu yake, ofisi ya ustawi wa jamii, dawati la jinsia, au nyumba ya mchungaji kama nyumba hiyo ni salama.

Turudi kwa dada yetu, maana hatujataja jambo linalomtesa kuliko yote. Anaamini moyoni kwamba mtoto alikufa kwa sababu ya dhambi aliyoifanya akiwa chuoni. Kwa mshauri atasaidiwa kuona jinsi wazo hilo linavyojizungusha, linavyokuja saa ile ile ya usiku, linavyolishwa na uchovu. Hiyo ni kazi kubwa na sisi wachungaji hatuna ujuzi wake wote. Lakini mshauri hawezi kumwambia kwa jina la Kristo kwamba amesamehewa. Hana mamlaka hayo na hapaswi kuyaigiza. Kwa upande wetu tunaweza kumtangazia msamaha leo, na akauamini kabisa, na usiku huu bado asilale. Msamaha haukushindwa. Dhambi imeondolewa, na mishipa bado imeshtuka. Tunapoona msharika aliyeondolewa dhambi angali analia na tukadhani kwamba hajaamini vya kutosha, tunamwongezea hatia ya pili juu ya ile tuliyoiondoa. Ni afadhali mno aende kwa wote wawili. Mchungaji asimuulize alichosema huko, na mshauri asimcheke kwa kuja kanisani. Mshauri anayemwona Mungu kama dalili ya ugonjwa si wa kwake, na vivyo hivyo yule anayegeuza kikao kuwa mahubiri ya kulipiwa.

Kuna kundi moja ambalo kwalo njia hii ya simu pengine ni ya lazima kuliko kwa wote, nalo ni sisi wenyewe tuliovaa kola. Mchungaji mwenye sonona ataenda kwa nani? Mwenzake wa jirani atakaa kesho kwenye kikao kinachojadili uhamisho wake. Mkuu wa jimbo ni mwajiri wake. Mwanasaikolojia wa hospitali ya wilaya alimbatizia mtoto. Luther alikuwa na mchungaji wake, Johannes Bugenhagen, na alikwenda kwake kuungama. Hakudhani kwamba aliyetafsiri Biblia anajitosheleza. Mtu aliye mkoa wa mbali, asiyejua dayosisi yetu wala siasa zake, anaweza kuwa baraka ambayo umbali wenyewe ndio umeileta.

Linabaki suala la fedha. Mfuko wa diakonia katika usharika wa kawaida hulipa nauli ya mgonjwa anayepelekwa KCMC au Muhimbili, hununua miwani ya mzee, hununua sare ya mwanafunzi yatima. Kwenye vitabu vya mahesabu hatujaona bado mstari wa vikao vya mazungumzo na bando lake. Tunapendekeza uandikwe, chini ya matibabu, bila jina la mtu.